Maneno Ambayo Mzee Lopeyok Hakuyasema

Nilipostaafu mwezi uliopita, mkuu wa ofisi yetu hapa Lodwar aliniomba niwaachie kurasa mbili za makabidhiano: funguo ziko wapi, vipaza sauti vinachajiwa kwa muda gani, ni chifu yupi hupenda kusalimiwa kabla ya wenzake. Hayo nimeyaandika, yamo kwenye faili la kijani. Haya ni mengine. Ninyi mnaobaki na kazi ya ukalimani mtasimama kwenye viwanja vilevile nilivyosimama mimi, na mtaulizwa habari za marehemu Mzee Lopeyok, kwa kuwa hakuna mkutano wa siasa Turkana usioishia kwake. Watu watawaambia alisimamia hiki, wengine watasema alisimamia kinyume chake, na wote watakuwa tayari kuapa. Nilisimama kando yake miaka mingi. Nisikilizeni kidogo.

Jina langu mnalijua, Ekiru. Nilizaliwa upande wa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, na nikaja Lodwar na Kiturkana cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya misheni. Nilianzia mahakamani. Aliyenifundisha ni Mzee Esekon, mkalimani wa mahakama, mtu mrefu asiyependa maneno akiwa nje ya kazi. Nadhani aliona anayabeba ya kutosha ndani.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyemuua shemeji yake kwa ugomvi wa ngamia. Mshtakiwa alipoanza kusema, nikamwambia hakimu, "Anasema alimchoma mkuki." Esekon, aliyekuwa nyuma yangu, akanifinya mkono.

"Nani anasema?" akaninong'oneza.

"Mshtakiwa."

"Wewe hapo hupo. Akisema mimi, wewe sema mimi."

Basi nikasema tena, kwa sauti, "Mimi nilimchoma mkuki, na alinitazama mpaka alipolala." Hakimu aliinua macho. Hakumtazama mshtakiwa. Alinitazama mimi, kama mtu anavyomtazama muuaji. Mchana ule nilinawa mikono mara mbili kabla ya kula. Esekon aliniona, akaniambia itapita. Ilipita, baada ya miaka minne hivi.

Mambo ya kazi niliyopata kwake ni haya. Tumieni penseli, kalamu ya wino huvuja kwa joto letu, na mtarudi nyumbani na shati la buluu. Daftari liwe dogo, la kuingia mfukoni. Andikeni majina na hesabu tu, mengine yabebeni kichwani, kwa sababu mkalimani anayesoma daftari huwa amemwacha mzungumzaji aende peke yake. Msinywe soda kabla ya mkutano. Sielezi kwa nini, mtajionea.

Na neno moja alinikalisha chini kunifundisha, nje ya mahakama, siku nzima ya Jumamosi. Ni neno *emoit*, na wakiwa wengi, *ngimoe*.

"Kwa Kiswahili ni nini?" akaniuliza.

"Adui," nikasema.

"Na mtu wa kutoka mbali, asiye wa kwetu, ambaye hajakukosea lolote?"

Nikafikiri. "Huyo pia ni *emoit*."

"Ndiyo. Neno letu ni moja kwa wote wawili. Kiswahili kimewatenga. Na huyo wa pili kwa Kiswahili anaitwa mgeni, na mgeni anapikiwa. Ukikutana na neno hilo, mtazame vizuri anayelisema kabla hujafungua mdomo."

Nilihamia ofisi yetu ya mikutano ya wananchi, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Lopeyok. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, kisha diwani, kisha mtu ambaye hakuhitaji tena cheo. Wenye vyeo ndio waliomtafuta. Mwili wake ulikuwa mdogo na sauti yake kubwa, na kabla ya kila hotuba alikuwa na namna yake ya kusafisha koo, mara mbili fupi na moja ndefu, ambayo watoto wa Lodwar walikuwa wanaiiga.

Siasa yake ilikuwa Turkana kwanza. Alikuwa akisema, "Tukipanda basi kwenda Kitale tunasema tunaenda Kenya. Basi hapa tunapopandia ni wapi?" Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Alisema mpaka wa Nadapal, upande wa Sudan Kusini, hautasogezwa hata hatua moja ya mbuzi. Alisema kazi za mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma ziende kwa watoto wa hapa kwanza. Alisema kambi ililetwa kama kibanda cha muda na sasa imekuwa mji mkubwa kuliko miji yetu, na hakuna mzee hata mmoja aliyekumbukwa kuulizwa. Wenye kumpenda walimwita baba wa taifa letu. Wenye kumchukia walisema anawasha moto kwenye nyasi kavu. Magazeti ya Nairobi yalimwita majina yote mawili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja.

Tena alikataa kabisa kusema Kiswahili hadharani. Alisema lugha ya Kitale ibaki Kitale. Ndiyo maana nilihitajika.

Mkutano wetu wa kwanza Kakuma ulikuwa saa sita mchana. Upande mmoja walikaa watu wetu, upande wa pili walikaa watu wa kambini, Wakongo, Wasomali, watu wa Sudan Kusini, na maafisa wachache wa kutoka kusini mwa nchi waliokuwa wakijipepea na karatasi. Mzee akasafisha koo. Akasema kwa Kiturkana, polepole, "*Ngimoe* hawa tunawajua. Tunawajua kwa majina. Tunajua wanapolala."

Nilimtazama usoni kama nilivyofundishwa. Sikuona kitu. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikaugeukia upande wa pili, na mstari wa mbele kulikuwa na mwanamke amebeba mtoto mgongoni, ametega sikio. Nikasema, "Hawa wageni wetu tunawajua. Tunawajua kwa majina, tunajua mnapokaa, sisi ni majirani."

Upande wa pili wakapiga makofi. Upande wetu wakawatazama wanaopiga makofi, wasielewe wanashangilia nini. Nimesikia vitu vingi vya kutisha katika kazi hii, lakini makofi yale bado nayasikia.

Yule mwanamke alinifuata baadaye. Aliitwa Mama Furaha, alitoka Kongo, aliuza vitenge na mandazi kwenye soko la kambini.

"Baba," akaniambia, "banasemaga ule muzee ni mubaya. Lakini leo nimemusikia na masikio yangu. Ni mutu ya amani."

"Ndiyo, mama," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema uongo kwa mdomo wangu mwenyewe siku ile. Ule mwingine niliusema kwa mdomo wake.

Niliendelea hivyo kwa miaka. Alipotoa neno la mkuki, mimi nilitoa neno la fimbo. Alipotoa fimbo, nilitoa mkono. Gazeti likinukuu Kiswahili changu, vijana wake wakinukuu Kiturkana chake, na wabishi wawili walikuwa wakikaa meza moja hotelini Lodwar kila mmoja akiwa na Lopeyok wake, na wote wawili walikuwepo kwenye mkutano mmoja. Nilijiambia ninazuia damu. Labda nilizuia. Lakini nyumbani mke wangu alianza kuniangalia vibaya. Siku moja wakati wa chakula nilikuwa nataka kuomba chumvi, nikasafisha koo kwanza. Mara mbili fupi, moja ndefu. Akaweka kijiko chini.

"Ekiru," akasema, "hiyo iache huko nje."

Halafu ikaja safari moja ya kurudi kutoka Kakuma. Mzee alikuwa amekaa mbele kando ya dereva, mimi nyuma. Tulikuwa tumepita lile korongo kubwa la mchanga. Kisha Mzee akasema, bila kugeuka, "Ekiru, wewe unafikiri sijui Kiswahili?"

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha mtu aliyeuza ngozi Kitale na Nakuru maisha yake yote.

"Mzee," nikasema, "samahani. Nilikuwa naogopa watu watauana."

"Kwani nimekuuliza unaogopa nini?"

"Hapana, Mzee."

"Basi endelea hivyohivyo." Akatazama barabara. "Kuna mambo lazima niyaseme, watu wangu wasinione nimelegea. Na kuna mambo lazima yasikike, watu wasife. Mdomo wangu mmoja hautoshi."

Nikapata ujasiri wa kumuuliza. "Na wewe mwenyewe, Mzee, unaamini lipi?"

Hakujibu mpaka tulipoona taa za mlingoti wa simu wa Lodwar. Hapo akasema, "Zamani nilikuwa najua." Dereva akaongeza mwendo. Ni hayo tu. Wakiwauliza msimamo wa kweli wa Mzee Lopeyok, hilo ndilo jibu pekee nililowahi kupewa na mwenyewe.

Baada ya siku hiyo mambo yakaanza kwenda kombo. Mzee akaanza kunichukulia maneno. Sentensi niliyoitunga mimi kwa Kiswahili Jumatatu, niliisikia Ijumaa ikitoka kinywani mwake kwa Kiturkana, ikiwa na pumziko langu mahali pale pale. Na mimi, nikiwa naye, nilianza kujua atakachosema kabla hajasema, nikawa tayari nimekwisha kukigeuza. Kuna wakati tulisema pamoja, yeye Kiturkana na mimi Kiswahili, kwa dakika nzima, bila mmoja kumsubiri mwingine. Watu walisema huo ni ustadi. Vijana wa ofisini waliniomba niwafundishe. Sikuwafundisha, na naomba msije mkajaribu.

Akazeeka ghafla. Watu wa kwake walianza kumficha. Mikutano ilipungua, kila mara nikiambiwa Mzee anapumzika. Nilikaa kama miezi mitatu sijamwona. Kisha kule Kakuma kijana mmoja wa kwetu, mchungaji wa mbuzi, akakutwa amekufa kwenye njia ya kuni karibu na kambi. Hakuna aliyejua nani alimuua. Kabla ya maziko kuna watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ni watu wa kambini. Asubuhi ya siku ya pili uwanja wa mpira ulio kati ya mji na kambi ulijaa wanaume wenye fimbo, na wengine walikuwa na zaidi ya fimbo. Maafisa wakapiga simu Lodwar: mleteni Lopeyok.

Tulifika jua likiwa utosini, ule wakati ambao mtu hana kivuli. Mzee alishushwa garini na watu wawili, akanyooka mwenyewe, akapanda jukwaani mwenyewe. Alinitikisia kichwa. Upande wa kambi, nyuma ya ua wa miiba, wanawake wa sokoni walikuwa wamesimama wamepangana, na katikati yao nilimtambua Mama Furaha. Hawakuwa wamebeba kitu. Nadhani walijua hakuna pa kukimbilia, wakaona afadhali wasikie.

Nilitundika kinasa sauti changu shingoni, kama kawaida. Mzee akashika kipaza sauti. Hakusafisha koo. Midomo yake ikaanza kucheza.

Haikutoka sauti.

Kwanza nilidhani kipaza sauti kimekufa. Lakini spika zilikuwa zinatoa pumzi yake, nyembamba, kama upepo unaopita kwenye kibuyu. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake na sikusikia hata silabi. Na mbele yangu, wazee waliokaa chini mstari wa kwanza, watu ninaowafahamu kwa majina, walikuwa wanaitikia. "Ee," walisema, mahali pa kuitikia. Wananyamaza, wanasikiliza, wanatikisa kichwa, "Ee." Niliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wanamsikia.

Kisha midomo ikatulia, kama siku zote zamu yangu inapofika.

Katika yote aliyonifundisha Esekon hakuna somo la siku hiyo. Watu elfu na fimbo zao wakanigeukia. Nikasema, "Mimi Lopeyok nasema hivi. Kijana wetu tumemlilia, na tutamzika. Aliyemuua atatafutwa, na sisi tutasaidia kumtafuta."

Midomo ikacheza tena. Pumzi. "Ee," wazee wakasema.

Nikasema, "Lakini hawa walio nyuma ya ua ni wageni wetu. Tunawajua kwa majina. Asiguswe mtu."

Midomo ikacheza mara ya tatu, kwa kifupi. Nikasema, "Rudini nyumbani. Kila mtu arudi nyumbani sasa hivi."

Na wakarudi. Niliona fimbo zikishuka. Uwanja ulikuwa mtupu kabla sijaweza kumeza mate. Mzee alibebwa mpaka kwenye gari, macho yamefumbwa.

Alasiri hiyo niliingia hoteli ya chai ya mjini. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa huko kwetu Lokiriama, mtu asiyejua Kiswahili hata cha kununulia sukari. Alikuwa anawasimulia wenzake hotuba. Akaisema kwa Kiturkana, neno kwa neno, kwa sauti ya Mzee, na kule kusafisha koo ambako Mzee siku ile hakukufanya. Ilikuwa hotuba ndefu. Ndani yake mlikuwa na methali za Mzee, na kikohozi chake, na jina la babu yake. Mwisho akasema, "*Ngimoe* wasiguswe." Nilimuuliza, ndugu yangu, wewe ulisikia hayo? Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua. "Si ulikuwa kando yake?"

Nilijiambia, ni vizuri. Watu wamesikia amani, na iwe hivyo.

Wiki moja baadaye vibanda vitatu vya soko la kambini vikachomwa mchana kweupe. Hakufa mtu. Kimoja kilikuwa cha Mama Furaha, vitenge vyake vyote. Vijana watano wakakamatwa, na mimi nikaitwa kituoni kuwatafsiria. Wa kwanza aliulizwa kwa nini alifanya vile. Akajibu bila kuogopa. Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikamwambia afisa, "Mimi nilimsikia Mzee Lopeyok kwa masikio yangu uwanjani. Alisema, wapeni siku saba. Tulihesabu siku saba."

Afisa akaandika. Nilirudia sentensi hiyo kwa kila kijana, mara tano, *mimi nilimsikia*, na kufikia ya tano niliona kwamba naanza kuikumbuka.

Nilikimbia nyumbani nikawasha kinasa sauti. Nimekisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kuna upepo. Kuna mngurumo wa spika. Kuna wazee wanaosema "Ee." Kuna mimi. Hakuna mwingine.

Mzee alifariki mwezi uleule. Mazishi yake yaliwaleta watu wa Nairobi na watu wa mpakani, na kabla udongo haujakauka ugomvi ulikuwa umeanza. Kundi moja likasema neno lake la mwisho lilikuwa wageni wasiguswe; jingine likasema ni siku saba. Kila kundi lilikuwa na mashahidi, watu wazima, waumini wa kanisa, walioapa. Ikaamuliwa liwekwe jiwe pale uwanjani lenye maneno yake ya mwisho, na niitwe mimi kuthibitisha ni yapi, mbele ya watu.

Kabla ya siku hiyo nilikwenda kwa mjane wake, Mama Nawoi, hapa Lodwar. Dereva wa Mzee alikuwa amepiga video kwa simu akiwa kando ya jukwaa, na alinitumia. Nilitaka mtu mwingine aone kwamba sikuwa nimepata wazimu.

"Ejok, mama," nikamsalimu.

"Ejok-nooi. Kaa, baba."

Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Sauti yake iliisha tangu mvua za mwaka huu," akasema. "Ugonjwa wa koo. Walituambia tusimwambie mtu. Mimi nilikuwa namsikia kwa macho tu, hivi, kwa kumtazama mdomo. Nilizoea."

"Basi unaweza kunisomea hapa?"

Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu. Aliitazama yote bila kusema. Akanirudishia niianzishe tena. Mara ya pili akawa ananiambia, polepole, huku kidole chake kikiwa juu ya kioo.

"Hapa anasema, Ekiru."

"Mimi?"

"Ekiru, nishike. Naanguka." Video ikaendelea; sauti yangu ikasikika ikitangaza habari za kijana na maziko. "Hapa tena. Ekiru, nishike mkono." Na kweli, kwenye picha, mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka upande wangu, vidole vikitafuta, na mimi nilikuwa nimewatazama watu. "Na hapa mwisho, anasema turudi nyumbani."

Akazima simu mwenyewe.

"Hakuwa anasema na watu," akasema. "Alikuwa anasema na wewe."

Kati ya sentensi tatu, moja nilikuwa nimeikaribia. Esekon angenifukuza mahakamani.

Siku ya mkutano wa jiwe nilikwenda Kakuma na Akai, ambaye wengi wenu mnamjua, ndiye aliyepewa kiti changu. Watu walijaa ukumbi. Upande huu wazee wetu, upande ule watu wa kambini na maafisa, na mlangoni vijana wa kundi la siku saba, wamesimama mikono kifuani. Niliombwa niseme kwa Kiturkana, Akai atafsiri. Nilikuwa nimeamua. Nilisimama nikasema yote, kwa ufupi, maana ukweli hauhitaji muda mrefu. "Mzee Lopeyok hakusema neno siku ile. Hakuwa na sauti. Hakusema wasiguswe, na hakusema siku saba. Yaliyosikika ni yangu mimi, niliyatunga kwa woga. Yeye alikuwa ananiomba nimshike mkono, na sikumshika."

Wazee wetu walinisikiliza kwa huruma. Mmoja, aliyekuwa mstari wa kwanza siku ile, akasimama. "Ekiru, mwanangu, wewe umechoka. Wewe ulikuwa upande wa Kiswahili, ndiyo maana hukumsikia. Sisi tulimsikia." Wenzake wakaitikia. Hata vijana wa mlangoni waliitikia. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo makundi yale mawili yalikubaliana tangu mazishi.

Kisha nikasikia sauti ya Akai, tulivu, akiugeukia upande wa pili. Akasema kwa Kiswahili, "Mimi Ekiru nasema hivi. Siku ile nilikuwa karibu na Mzee Lopeyok kuliko mtu mwingine yeyote. Niliyoyasema kwa niaba yake ndiyo hayo mliyoyasikia: wageni ni wetu, na asiguswe mtu."

Makofi yakalipuka. Mama Furaha alikuwa amesimama, anajifuta machozi na ncha ya kitenge. Nilifungua mdomo kusahihisha. Nilikuwa na Kiswahili chote nilichokitumia maisha yangu yote, na ukumbi mzima ulikuwa ukinisubiri. Nikaketi.

Nje, kando ya gari, nilimuuliza Akai kwa nini. Hakuniomba radhi.

"Mwalimu," akasema, "ningewaambia wale akina mama, vijana wakiwa wamesimama pale mlangoni, kwamba hakuna mtu aliyewahi kusema wasiguswe?"

Nilifungua mlango wa gari, tukaingia. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni zaidi ya saa mbili, na hatukuzungumza lugha yoyote.